Moto Ulipofika kwa Mzee Elisaria

Mimi nilizaliwa Mkatoliki kule Kilema, nikaolewa kwa Walutheri wa Machame, na katika kuhama huko toharani ikanipotea njiani. Kwetu mtu akifa na dhambi zake za kawaida, ulevi kidogo na umbea wa jirani, palikuwa na mahali pa kumpitisha kwanza asafishwe, na sisi tuliobaki tulikuwa na kazi ya kumwombea. Kwa wakwe zangu nikakuta milango ni miwili tu, huu na ule. Sikubishana, kwa sababu bibi harusi habishani mambo ya akhera. Ila niliwaza moyoni kwamba watu hawa wakifiwa vibaya watapata tabu sana, na walipofiwa vibaya kweli walipata tabu.

Aliyepata tabu ni wifi yangu Mektilda, dada wa marehemu mume wangu. Anauza nguo za watoto kwa jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na mimi nauza sufuria na chupa za chai mlango unaofuata. Tunaonana kutwa nzima, na tukigombana asubuhi inabidi tupatane kabla ya saa saba, maana mama ntilie wetu ni mmoja na benchi lake ni fupi. Mektilda ana maneno machache na kichwa kigumu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Tumevumiliana hivyo hivyo tangu tukiwa wasichana.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Allen, fundi simu, mpole, mcheshi, mtu wa kumsaidia kila mama wa mtaa wetu simu yake ikigoma. Allen alimpata binti mmoja wa Ilala wakaanza kuishi pamoja kabla ya ndoa, na mtoto akaja. Kwa kanuni za usharika wetu mtu wa namna hiyo anatengwa. Hafukuzwi kanisani, anakuja, anaimba, anatoa sadaka kama wengine. Ila Jumapili ya chakula cha Bwana, watu wakiinuka safu kwa safu kwenda mezani, yeye anabaki ameketi. Siku akishatengeneza mambo yake anasimama mbele ya watu, anataja kosa lake kwa kinywa chake, mchungaji anatuuliza, "Mnampokea?" nasi tunajibu, "Tunampokea." Basi amerudi kundini, na hakuna anayeruhusiwa kumkumbusha tena.

Wengi wakitengwa wanaona aibu wanahamia makanisa mengine, na Dar makanisa hayaishi. Allen hakuhama. Kila Jumapili alikuja na shati lake limepigwa pasi, akakaa benchi la nguzoni, karibu na mlango wa pembeni. Sisi tukipanga foleni kwenda mezani tulikuwa tunampita pale, na yeye alikuwa anatutabasamia. Ndoa ilikuwa imeshaandikishwa, matangazo yalikuwa yaanze kusomwa. Akaugua wiki moja, akafa.

Kanuni haikujali kwamba alikuwa njiani kurudi. Kwa aliyetengwa kengele haipigwi, jeneza haliingizwi kanisani, na mchungaji haji kaburini na joho lake. Tulimsafirisha hadi Machame kama tunavyowasafirisha watu wetu wote, tukamzika migombani, na mume wangu, ambaye alikuwa bado hai, ndiye aliyesoma sala. Hakuwa mtu wa kusoma mbele za watu. Alikwama katikati, akarudia mstari ule ule, akakwama tena, ikabidi tuanze wimbo ili kumwokoa.

Tuliporudi mjini tukakaa tanga nyumbani kwa Mektilda, Ilala, na jumuiya yetu ikaja kufariji. Jumuiya yetu ni ya wafanyabiashara, tunakutana Jumamosi alfajiri kwa zamu, nyumba hadi nyumba, kwa sababu mtu wa Kariakoo hata Mungu inabidi aonane naye kabla ya kufungua duka. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Elisaria. Huyu anauza mapazia na mashuka, mtu mrefu, mkavu, mzee wa kanisa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Biblia anaifahamu kuliko anavyofahamu bei zake. Siku hiyo alisimama sebuleni, akamsifu Allen vizuri tu kwa upole na adabu. Halafu akawageukia vijana waliokuwa wamejazana mlangoni.

"Lakini amefia nje ya mlango," alisema. "Na ule mlango ukishafungwa, wanangu, haufunguliwi. Ule moto haupoi. Msiseme hamkuambiwa."

Mektilda alikuwa ameketi mkekani. Akainuka polepole, akaenda jikoni, akaanza kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Nilimfuata, nikamkuta anasugua kikombe kimoja bila kukiacha. Mimi nilitaka kurudi sebuleni na sufuria mkononi, na nasema kweli, ningempiga nayo. Wifi akanishika mkono akaniambia nimwache, mzee wa kanisa kasema alichosoma.

Tangu siku hiyo jumuiya haikuingia kwake tena. Zamu yake ikifika anasema ana wageni. Miaka minne ana wageni, na sote tukajifanya tunaamini. Kanisani hakukosa, mezani hakukosa, ila kuimba aliacha. Alikuwa anashika kitabu cha nyimbo wazi mbele yake, midomo imefungwa. Na watu wakimwita Mektilda alikuwa anawasahihisha: "Mama Allen."

Sasa niseme habari za Agnesi. Agnesi alikuwa binti wa mwisho wa Mzee Elisaria, na alipendana na Abdulmalik, mtoto wa Mzee Abdulmajid mwenye duka la vitenge upande wa pili wa barabara. Akasilimu, akaitwa Salma, akaolewa. Mzee Elisaria hakwenda kwenye ndoa ile. Alipotezana na binti yake miaka miwili hivi, baadaye wakawa wanasalimiana, baadaye Agnesi akawa anapita dukani na chakula cha baba yake kwenye hotpoti. Mzee alikuwa anakila. Ila hakuwahi kumwita Salma, na katika mafundisho yake ya Jumamosi hakupunguza hata kijiti kimoja kwenye moto wake.

Mwaka jana, baada ya mfungo, moyo wa Agnesi ulisimama akiwa anaanika nguo. Alikufa asubuhi, jioni ameshazikwa makaburi ya Kisutu, kwa desturi ya Waislamu. Sisi kwetu maiti inangoja ndugu wafike, inasafiri, inaagwa. Mzee Elisaria alikuwa bado anapiga simu Machame wakati ndugu wa mume wa Agnesi wanamwambia ni muda wa kuondoka. Mimi nilikaa ndani na wanawake, ya makaburini nimeyasikia tu. Wanasema Mzee Abdulmajid alimshika mkono njia nzima, akamsogeza hadi ukingoni, akampa nafasi ya kutupa udongo wake kabla ya wengine. Na walipokuwa wanarudi alimwambia kwa huruma kabisa, mzee kwa mzee, kwamba Salma amekwenda pema, wasiwasi wake ni juu yake yeye Elisaria, na kwamba kila swala anamwombea Mungu amwongoze kabla hajachelewa.

Yaani mtu aliyetutisha na moto miaka yote hiyo, siku ya kumzika mwanawe akakuta kuna watu wema wanaomwonea yeye huruma ya moto. Nilipoisikia habari hiyo nilicheka, halafu nikaona vibaya, halafu nikacheka tena.

Mzee Elisaria alifunga duka siku nyingi. Alipofungua alikuwa amekonda, anakaa nyuma ya majora ya mapazia na Biblia mbili mbele yake na miwani mpya, mteja akiuliza bei anamwambia asubiri amalize mstari. Mashemasi wawili walichukua vipindi vya Jumamosi kwa muda huo. Alipokuwa tayari kufundisha tena, zamu ilikuwa ya nyumbani kwangu.

Tulikuwa wachache, mvua ilikuwa imenyesha na mtaa umejaa maji. Mektilda alikuja kwa sababu ni kwangu. Mzee akachagua somo la mchungaji mwenye kondoo mia, lile la Shule ya Jumapili kabisa, tukadhani atatupumzisha. Akauliza kama kuna aliyewahi kugundua kwamba mchungaji yule hakupangiwa muda wa kutafuta. Hatukuambiwa alitafuta mpaka jioni, wala mpaka alipochoka. Alitafuta mpaka alipompata. Akaunganisha na Paulo, kwamba kama kwa kosa la mmoja wote walikufa, basi kwa mmoja wote watahuishwa, na wote ni wote. Akasema moto upo, hakatai, Yesu mwenyewe ameutaja. Lakini ni moto wa sonara, wa kutoa taka kwenye dhahabu, na sonara akishamaliza anauzima. Siku moja, alisema, Jehanamu itabaki tupu.

Mimi nilikuwa namimina chai. Nikamwambia, "Mzee, hiyo tuliiacha Kilema. Tulikuwa tunaiita toharani."

Watu wakacheka kidogo, na yeye alitabasamu. Shemasi mmoja akamkumbusha tajiri na Lazaro, na lile shimo kubwa katikati ambalo hakuna anayevuka. Mzee akajibu kwamba shimo lile hakuna mwanadamu anayeweza kulivuka, lakini aliyekwenda kuzimu siku tatu akarudi hakuwa anaomba njia kwa mtu. Yakaendelea hivyo, andiko kwa andiko, na niseme haki yake, alijibu vizuri. Machozi yalikuwa karibu na sauti yake. Kila mtu pale alijua anamzungumzia nani, na hakumtaja.

Mektilda alikuwa hajagusa chai. Alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Mzee," alisema, "hilo la kutafuta mpaka ampate, lilikuwepo kwenye Biblia mwaka aliokufa Allen?"

Mzee Elisaria akaangalia kitabu chake. Akasema, Mama Allen, neno la Mungu ni pana, mtu analisoma kwa hatua. Mektilda akainuka, akaniaga mimi peke yangu, akatoka kwenye maji na viatu vyake vya kazini.

Jumatatu yake alikwenda kwa mchungaji akamshtaki. Alisema Mzee Elisaria anafundisha jumuiyani kwamba moto wa milele haupo, watu wote wataokoka, wawe wametubu au hawajatubu. Alipaeleza mahali na akataja shahidi, ambaye ni mimi. Sikuwa nimeombwa.

Tukagombana mbele ya duka lake, wateja wakituzunguka. Nilimwambia kwamba nilikuwa nangoja miaka yote mtu aseme maneno yale kwenye jumuiya ile, na sasa aliyeyasema ameyasema, yeye anakwenda kumfunga mdomo. Kama Jehanamu itabaki tupu, Allen si atatoka? Alitaka nini tena?

"Nataka akae benchi lile," alisema.

Nikamuuliza ndiyo nini hiyo, kisasi? Akanivuta ndani, nyuma ya marobota, tukakaa juu ya nguo za shule. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alisema kila akiamka alfajiri, kabla hajakumbuka leo ni siku gani, anamwona Allen anaungua. Anamwona na shati lake la pasi. Hakuwa amezaliwa na picha hiyo, na wala hakuisoma popote. Aliwekewa sebuleni kwake na Mzee Elisaria mbele ya watu.

"Sasa wifi, sikiliza," alisema. "Kama moto hauna mwisho, mwanangu anaungua. Kama una mwisho, basi mimi nimeunguzwa bure miaka minne. Moja kati ya hayo mawili ni kweli, na yeye ndiye mwenye Biblia. Anasema wote, wote. Wote ni rahisi kusema. Mbona hasemi Allen?"

Nikamkunjia vigauni vilivyokuwa vimetawanyika, nikarudi dukani kwangu na hasira zangu zimeishiwa mahali pa kwenda.

Mchungaji alituita sote watatu ofisini siku ya Alhamisi. Ni kijana kwetu, ana watoto wadogo, ni mtu wa kusikiliza, na sikumwona akifurahia kazi ile. Alinisalimia shikamoo, akamsalimia Mektilda, akamsalimia Mzee Elisaria ambaye ndiye aliyemkabidhi funguo za kanisa siku ya kwanza alipofika. Akamuuliza Mzee kama ni kweli. Mzee akasema ni kweli. Akaniuliza mimi, nikasema Mzee ameshasema, mnaniuliza nini.

Mchungaji akaeleza kwa utaratibu. Ukiri wa kanisa letu uko wazi kwamba adhabu ya waliomkataa Mungu haina mwisho, na kila mzee wa kanisa ameapa kuushika. Akasema pia linalomsumbua yeye mwenyewe: kama mwisho wa watu wote ni mmoja, kwa nini Yesu alitutisha hivyo, na msalaba wenyewe ulikuwa wa nini, na yule anayeua watu leo na kulala vizuri tumwambie nini?

Mzee Elisaria akasema hayo ameyauliza yote, usiku na mchana. Lakini ameshindwa kuona mbinguni ambako mama anakula na kunywa huku anajua mwanawe anapiga kelele. Alisema mama, hakusema baba. Akasema mahali hapo, hata pakiitwa mbinguni, yeye angeomba aondolewe.

"Kutumaini hakuna anayekuzuia, Mzee," mchungaji akasema. "Hata mimi natumaini. Kuna watu nimewazika ninawatumainia hivyo. Lakini kutumaini ni kwako na Mungu wako. Kufundisha ni kwetu sote."

Ikaamuliwa, au tuseme mchungaji akaeleza baraza la wazee lilivyoamua. Jumapili inayofuata Mzee Elisaria asimame mbele ya usharika na kuyafuta mafundisho yale. Akiyafuta tutaulizwa kama tunampokea, na mambo yataishia hapo. Asipoyafuta atavuliwa uzee na atatengwa na meza mpaka atakapoyafuta. Jumapili hiyo yenyewe ilikuwa ya chakula cha Bwana.

Mchungaji akamuuliza Mektilda kama ana la kuongeza. Nikamwangalia. Nilidhani sasa atalisema, alitoe, lile la alfajiri. Akasema hana, ameleta alichosikia. Mzee Elisaria akawa anamtazama muda mrefu, na yeye anatazama kalenda ukutani.

Nitasema nilivyojiandaa kwa Jumapili ile: nilijiandaa kukasirika. Nilikuwa na uhakika Mzee atayafuta. Mtu aliyekaa kiti cha mbele miaka thelathini hawezi kukaa nyuma kwa ajili ya kondoo. Atasimama, ataomba radhi kwa maneno mazuri, tutajibu tunampokea, atakwenda mezani, na wifi yangu atarudi nyumbani na moto wake ule ule. Nilikuwa nimeapa kwamba wakituuliza mimi nitanyamaza.

Kanisa lilijaa. Habari za namna hiyo Kariakoo hazihitaji tangazo. Baada ya mahubiri mchungaji akamwita, Mzee Elisaria akatoka kiti cha wazee akasimama pale wanaposimama wenye mambo yao, chini ya madhabahu, uso kwa watu. Pale niliwahi kuona wasichana wenye mimba, walevi, na mtu aliyeoa mke wa pili. Yeye ndiye alikuwa anawapanga mstari. Alivaa suti yake ya kijivu. Hakushika karatasi.

"Nimekuja kutubu," alisema, na kipaza sauti kikapiga kelele, wakakirekebisha, akarudia. "Nimekuja kutubu. Mwaka ule kijana wetu Allen alipofariki, niliingia nyumbani kwa mama yake kwenye tanga. Nikasema mbele ya watu kwamba amefia nje ya mlango na ule mlango haufunguliwi. Mimi sikuutazama mlango ule. Hakuna aliyenipa habari zake. Nilisema kwa sababu nilikuwa na watoto mlangoni na nilitaka kuwatisha, na mama yake alikuwa ameketi chini mbele yangu. Mama Allen, nilikudanganya. Mwanao sikujua yuko wapi, na leo sijui kama anavyojua Mungu. Lakini Allen ninamtumainia. Ninamtumainia kwa jina lake, Allen, kama ninavyomtumainia binti yangu Agnesi. Salma. Ninawaombeni msamaha."

Mimi sikuweza kumtazama wifi. Nilitazama mikono yake. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo kwa mikono yote miwili.

Mchungaji akauliza kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, kuhusu lile fundisho lenyewe.

"Hilo siwezi kulifuta, mchungaji," Mzee akasema. "Nimejaribu. Nikilifuta nitakuwa nadanganya tena, na nimetoka kutubu uongo sasa hivi. Nisamehe."

Mchungaji akainamisha kichwa. Hakutuuliza kama tunampokea, kwa sababu kwa utaratibu hakuwa na cha kutuuliza. Mzee Elisaria akavua beji ya wazee kwenye koti lake, akaiweka juu ya meza ndogo ya sadaka, akashuka. Kiti cha mbele hakikuwa chake tena. Alitembea na njia ya katikati akitafuta pa kukaa, na watu, Mungu awasamehe, wakawa wanatazama vitabu vyao. Benchi lililokuwa na nafasi lilikuwa lile la nguzoni. Sidhani kama alilichagua. Alikaa tu.

Basi wifi yangu alikuwa amepata alichokitaka. Aliyetutisha sote alikuwa benchi lile, ametengwa, na jina la Allen lilikuwa limesemwa mbele ya kanisa zima. Nilifurahi, sitaficha. Nilimgusa mkono nikitaka tufurahi wote. Hakugeuka.

Meza ikaandaliwa, kwaya ikaanza, safu zikaanza kuinuka. Yetu ikafika. Tukatoka, Mektilda mbele, mimi nyuma yake, tukashuka kwa pembeni kama siku zote. Tulipofika nguzoni akasimama. Nikafikiri amejikwaa, nikamshika kiuno. Akautoa mkono wangu, akatoka kwenye foleni, akaketi kando ya Mzee Elisaria.

Mzee alishtuka. Akamnong'oneza aende, yeye hajatengwa, asikose meza kwa ajili yake. Nadhani alifikiri anatetewa, na hata mimi nilifikiri hivyo. Mektilda akatikisa kichwa.

"Siyo kwa ajili yako, Mzee," alisema. Alikuwa analia sasa, ile ya machozi kutiririka bila sauti. "Allen alikaa hapa peke yake. Kila mwezi nilimpita, nikaenda kula. Mimi mama yake. Nilikuwa namwonea aibu, sikukaa naye hata mara moja."

Mzee Elisaria hakuwa na andiko. Alitoa leso yake mfukoni, akaiangalia kama ni safi, akampa. Kisha akasogea kidogo upande wa nguzo ili Mektilda apate pa kuweka mkoba.

Foleni ilikuwa imekwama kwa sababu yangu. Mama mmoja nyuma alinisukuma kwa upole na kuniambia twende, dada, twende. Mbele niliona watu wamepiga magoti, mchungaji anapita na mkate. Nilikumbuka nami nilivyokuwa nampita, kila mwezi, namrudishia tabasamu, naona nimefanya jambo la maana. Nikamwambia yule mama apite, mimi magoti yananisumbua. Nikamwomba wifi asogee.

Tukakaa watatu, na wengine wakatupita kwenda mezani. Kwaya walipofika ubeti wa mwisho, Mektilda akaanza kuimba.